Multitap ya PS2 imegoma kuingia, na nataka kuunganisha PS2 mbili, msaada wakuu

padi_moja
Wakuu habari zenu. Nina PS2 mbili, ile nene niliachiwa na braza na ile nyembamba nimejinunulia mwenyewe. Wikiendi binamu zangu wanakuja wanne, mimi wa tano, na kugombania padi mbili ni vita, mtu akifungwa anakataa kuachia padi anasema bao halikuwa halali turudie. Nikaagiza multitap ya mtumba (kile kifaa cha kuchomeka padi nne kwenye tundu moja), muuzaji akaniapia inaingia PS2 zote. Imefika, kwenye nyembamba haiingii hata ukisukuma, kichwa cha padi kikikaa sawa kile cha memori kadi kinagonga plastiki. Kwenye nene imeingia poa, PES, ile gemu ya mpira, tumecheza wanne safi kabisa, ila nikaweka Crash Team Racing (CTR) ya PS1 inaona padi mbili tu zingine kama hazipo. Ndo imekufa au mimi ndo sielewi??

Halafu nimesikia unaweza kuunganisha PS2 mbili kwa waya kila mtu na TV yake, eti Gran Turismo 3 (GT3), ile gemu ya mbio za magari, inakubali hadi mashine sita. Waya gani huo? Na mwisho, online ya PS2 bado ipo au ilishazikwa? Samahani kwa maswali mengi.

fundi_wa_zamani
Haijafa mkuu. Igeuze usome namba, itakuwa SCPH-10090. Hiyo ni ya ile nene na inaelewa gemu za PS2 tu, ukiweka CD ya PS1 inakuwa kama haipo, ndo maana PES imekubali na CTR imegoma. Ya nyembamba ni SCPH-70120, umbali kati ya tundu la padi na la memori kadi ulibadilika kwenye ile nyembamba, kwa hiyo usiisukume tena utavunja. Raha ya hiyo 70120 ni kwamba inakubali za PS2 na za PS1 zote mbili, yaani CTR wanne bila tatizo.

Na kwa PES mko watano si ndio? Tap iweke tundu la kwanza, hapo una padi nne, wa tano mchomeke moja kwa moja tundu la pili. Tap moja watu watano. Kwenye CTR hata ufanye nini mwisho ni wanne, wa tano asubiri zamu yake atulie.

Kitu kingine watu hawasemagi, ukishaweka tap memori kadi yako iweke kwenye tundu A la tap. Kuna jamaa alinipigia simu analia ligi yake ya msimu mzima imefutika, kumbe kadi iko tundu C na gemu inatafuta A.

mzee_wa_waya
Hapo kwenye swali la pili ngoja nikae vizuri maana nimeteseka nalo sana. Waya wa GT3 ni i.LINK, jamaa wa kompyuta wanauita FireWire, unataka ule wenye pini nne pande zote mbili, ni ule ule uliokuwa unatumika kwenye kamera za video za zamani. Tundu lake liko mbele, pembeni ya zile USB mbili, dogo limeandikwa S400. SASA sikiliza, kuanzia modeli za SCPH-50000 walilitoa, na nyembamba zote hazina. Mimi nilinunua waya kwanza ndo nikaja kukagua mashine, waya bado uko kwenye droo na sijawahi kuutumia hata siku moja. Kwa hiyo kabla hujatoa hela angalia kibandiko nyuma ya ile nene. Na ikikubali ujue unahitaji CD mbili za GT3, kila mashine na CD yake, na TV mbili, mkiwa zaidi ya wawili inabidi na habu ya FireWire. Sita inawezekana kweli, ila ni TV sita, nani ana TV sita jamani.

Kwenye PS1 mambo yalikuwa hivyo hivyo, kulikuwa na waya wa link unachomeka nyuma, Doom, Wipeout, Red Alert zote zinakubali, mashine mbili CD mbili TV mbili. Ila ile PS one nyeupe ndogo haina tundu hilo.

kibodi_kimya
Kwa nini msitumie emyuleta tu, ile programu ya kuigiza PS2, kwenye laptop mkamaliza, padi nane za USB, hakuna mambo ya namba za kibandiko 😂

mzee_wa_waya
@kibodi_kimya kuna uzi wa emyuleta, nenda kule. Jamaa ana mashine mbili mezani anataka kuzitumia.

padi_moja
Nimegeuza. Tap ni 10090 kweli, fundi umepiga palepale. Nyembamba ni SCPH-77004. Nene ni SCPH-50004, na mbele naona USB mbili tu, pale pa tatu pamezibwa 😭😭 kwa hiyo GT3 ndo basi?

mzee_wa_waya
GT3 ndo basi, pole. Ila usinunue nene nyingine kwa ajili hiyo, tafuta GT4. Ile inatumia LAN ya kawaida, yaani mtandao wa waya wa ndani ya nyumba, hadi watu sita pia. Nyembamba yako ina tundu la waya wa mtandao nyuma tayari. Nene haina, inataka kifaa kinaitwa Network Adaptor, kinaingia ule uwazi wa nyuma unaofunikwa na kifuniko cha plastiki na unakikaza kwa skrubu zake mbili. Ukikiangalia kwa ndani utaona na sehemu ya kuchomeka hadi diski, usiishangae, ndo kilivyo. Waya zote mbili pitisha kwenye ruta, ruta si lazima iwe na intaneti, inagawa anwani tu. Ukitaka mashine kwa mashine bila ruta basi utafute kebo ya krosova, ukiweka ya kawaida utakaa unatazama menyu ya LAN hadi usiku na hazionani. CD mbili tena, hilo halikwepeki.

usiku_wa_lan
Niongezee hapo kwenye online. Seva za kampuni zimezimwa zamani, ila watu wamejenga za kwao kwa baadhi ya gemu, unabadilisha DNS (ile anwani inayoielekeza mashine seva ya kwenda) kwenye mipangilio ya mtandao unaingia. Kwa GT4 kuna njia nyepesi zaidi, XLink Kai. Ni programu unaweka kwenye kompyuta iliyo kwenye ruta hiyo hiyo, inachukua yale mazungumzo ya LAN inayasafirisha kwa intaneti kwa mtu mwingine mwenye programu hiyo, mashine zenu zinadhani mko chumba kimoja. Ubaya wake gemu za LAN zilitengenezwa kwa waya wa mita mbili tatu, ukicheza na mtu wa mbali gari lake linarukaruka, mara liko nyuma yako mara limekupita hujui limepitia wapi.

Xbox ile ya kwanza ndo mfalme wa mambo haya kwangu. Mashine nne kwa waya, kila moja padi nne, Halo watu 16. Xbox Live, huduma yake ya online, ilifunguliwa Novemba 2002 ikazimwa tarehe 15 Aprili 2010, na sasa kuna Insignia, seva mbadala za bure, gemu kibao zimefufuka. Hata Dreamcast iliyokuja na modemu ya simu watu wanaiweka online kwa DreamPi, kile kikompyuta cha Raspberry Pi pamoja na modemu ya USB. Kinajifanya laini ya simu, Dreamcast inasikia mlio inapiga namba yake, unasikia ule mkoromo wa zamani kriiii shhhh, halafu inaingia kwa intaneti ya siku hizi bila kujua.

dogo_wa_ds
Samahani nadandia uzi, Nintendo DS yangu ya kwanza ile inagoma wifi ya nyumbani, nenosiri naweka sawa kabisa

usiku_wa_lan
@dogo_wa_ds DS hiyo inajua WEP tu, ule ulinzi wa wifi wa zamani, WPA ya siku hizi haiielewi, na spidi yake ni ile ya zamani ya 802.11b. Kama ruta inaruhusu fungua wifi ya wageni isiyo na nenosiri, cheza, ukimaliza zima. Usiiache wazi usiku kucha. Seva za Nintendo zenyewe zilifungwa Mei 2014, sasa hivi wanaingia kwa Wiimmfi, seva mbadala za mashabiki.

padi_moja
Mrejesho wakuu. Network Adaptor nimepata, GT4 ya pili nimeazima. Mara ya kwanza hazikuonana kabisa, nikahangaika saa nzima nikataka kuwarudia mje mnitukane, kumbe waya wa nene nimechomeka kwenye ruta lile tundu la kuleta intaneti ambalo rangi yake tofauti. Nimehamisha, zimeonana palepale. Binamu mdogo kashinda mbio tatu mfululizo na amegoma kutoka kwenye TV kubwa. Ile 70120 bado naisubiri, CTR wanacheza wawili wawili kwa zamu.

fundi_wa_zamani
Kabla hujalipa omba picha ya namba ya chini.