Tutamtofautishaje mwenye shaka ya kweli na mkanushaji wa ushahidi?

Muuliza swali:
Ndugu wanajukwaa, kuna jambo linanitatiza. Alfred Wegener alipotoa hoja mwaka 1912 kwamba mabara husogea, wanajiolojia wengi walimpinga, naye akafariki mwaka 1930 kabla hajakubaliwa. Siku hizi kila anayekanusha kwamba VVU husababisha UKIMWI, au kwamba Wanazi waliwaua Wayahudi kwa gesi, hujifananisha naye. Ikiwa elimu husonga mbele kwa kutia shaka, nitajuaje yupi ni Wegener na yupi ni mkanushaji tu?

Mchangiaji wa kwanza:
Usiangalie wingi wa wanaompinga, angalia kinachotokea ushahidi mpya unapopatikana. Wapinzani wa Wegener walikuwa na hoja ya haki, kwani hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Vipimo vya usumaku wa sakafu ya bahari, vilivyoonyesha kwamba sakafu hiyo hutanuka, vilipochapishwa katika miaka ya 1960, wengi walibadili msimamo. Mkanushaji hana kipimo chochote ambacho, kikimwendea kinyume, atakubali kwamba ameshindwa: ukimjibu hoja moja anarukia nyingine, na baada ya muda anairudia ile ya kwanza kana kwamba haikuwahi kujibiwa.

Mchangiaji wa pili:
Naafiki, na kwa upande wa historia naongeza kesi ya London ambayo David Irving, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya historia, alimfungulia mwanahistoria Deborah Lipstadt na mchapishaji wake, akidai kuchafuliwa jina kwa kuitwa mkanushaji wa mauaji hayo ya Wayahudi. Mwanahistoria Richard Evans alizifuata tanbihi za Irving hadi kwenye nyaraka zenyewe za Kijerumani, akakuta kwamba makosa yake yalielemea upande mmoja, ule wa kumsafisha Hitler. Makosa ya kughafilika yangeangukia pande zote. Irving alishindwa Aprili 2000. Hata ripoti ya Leuchter ya mwaka 1988, ambayo aliitegemea na iliyodai kwamba watu hawakuuawa kwa gesi katika kambi ya Auschwitz, ilikuwa na kasoro ya ajabu: vipande vya kuta za Auschwitz vilisagwa vizima maabara, ilhali sianidi, sumu ya gesi hiyo, hubaki kwenye utando mwembamba wa juu, kwa hiyo kilichopimwa kwa sehemu kubwa ni tofali ambalo gesi haikulifikia.

Muuliza swali:
Nashukuru, lakini mimi sisomi Kijerumani wala sina maabara. Je, nihesabu tu wataalamu?

Mchangiaji wa tatu:
Hapana. Azimio la Durban la mwaka 2000, lililotamka kwamba VVU ndivyo husababisha UKIMWI, lilitiwa saini na wataalamu zaidi ya 5,000, lakini uzito wake ulitoka kwenye ushahidi wa njia zisizotegemeana: virusi vilivyokutwa kwa wagonjwa, watu walioambukizwa kwa kuongezewa damu, na dawa ambazo zikipunguza virusi maisha hurefuka. Mkanushaji hudonoa moja na kuzinyamazia nyingine. Serikali ya Afrika Kusini chini ya Thabo Mbeki iliwasikiliza watu wa namna hiyo, na watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa kucheleweshewa dawa.

Mchangiaji wa kwanza:
Uliza pia nani ananufaika mjadala usipokwisha. Waraka wa ndani wa kampuni moja ya sigara ya Marekani, wa mwaka 1969, ulisema waziwazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Hawakuhitaji kuthibitisha kwamba sigara ni salama, jambo ambalo nadhani walijua haliwezekani. Mvutaji akiamini tu kwamba wanasayansi bado wanabishana, angenunua pakiti nyingine.