Kamera yangu kushikwa kwa vidole viwili mbele ya mama mzazi wa bibi harusi! Nyie watu wa mkanda mwekundu wa Canon mna nini?

Njano_Damu ameanzisha uzi:

Wakuu, ni saa nane usiku na sijalala. Nimetoka ukumbini Sinza, shati limeganda jasho, picha za watu zimo kwenye kadi hazijaguswa, na mimi nimekaa hapa naandika huku mkono unatetemeka.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa koti la mifuko kumi na saba. Yule anayeita kila mtu "dogo", hata babu wa bwana harusi jana kaitwa dogo. Akipiga picha moja anaitazama kwenye kioo dakika tano, halafu anatikisa kichwa kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu. Kama hujawahi kukutana naye basi wewe hupigi picha Dar, unapiga mbizi.

Mimi nilipewa kazi na upande wa bibi harusi, yeye upande wa bwana. Kila mtu na kazi yake. Tukafika kwenye picha za familia. Nimewapanga vizuri, mama mzazi katikati, mashangazi kulia, wajomba wameambiwa wafunge vifungo vya koti. Nikaiweka kamera mezani nibadilishe betri za flashi. Sekunde ishirini haziishi. Kugeuka, yule bwana ameinyanyua Nikon D3500 yangu kwa mkanda, KWA VIDOLE VIWILI. Gumba na cha shahada. Vile vingine vitatu vimesimama pembeni havitaki kuhusika. Kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye gunia la mchele! Akaining'iniza hivyo, ikazunguka hewani polepole watu wote waione, akamgeukia mama wa bibi harusi: "Mama, hii ni ya kupigia pasipoti. Harusi inapigwa na Canon."

Mama akaniangalia. Angenigombeza ningeelewa. Aliniangalia vile unavyomwangalia fundi aliyekuletea kabati halina milango.

Shangazi mmoja akacheka. Dijei akacheka. Naapa hata keki iliinama.

Sasa yeye alikuwa na nini shingoni? Mkanda wa 5D, ile Canon ya wakubwa. Mwekundu, unang'aa, unauona tangu getini. Nikajua huyu ni mkubwa mwenzangu, nikanyamaza. Alipoiweka chini afungue soda nikasoma pale mbele: 2000D. Wakuu, mkanda wa 5D kwenye bodi ya 2000D! Ni kuvaa joho la jaji ukasuluhishe kesi ya kuku!

Haya tuongee kama watu wazima. D3500 na 2000D zote zimetoka mwaka 2018. Zote ni megapikseli 24. Zote ni za kuanzia, hakuna ya ukoo wa kifalme hapo. Yangu inapiga picha 5 kwa sekunde, yake 3. Betri yangu kwa vipimo vya kiwandani ni picha 1,550, yake 500, yaani bibi harusi anaingia ukumbini mwenzenu ameshaanza kuulizia swichi ya ukutani. Na 2000D pale juu inapokaa flashi haina pini ya kati, hizi triga za bei rahisi tunazotumia wote kufyatua flashi kwa mbali zikipachikwa pale hazifyatui. Ndiyo maana usiku kucha alikuwa anavizia taa ya mtu wa video, akisogea naye anasogea, wanafanana na mwizi na kivuli chake.

Lakini sijaja kwa hayo. Nimekuja kwa vile vidole viwili. Kamera ile nimeinunua kwa kibarua cha miezi kumi na moja. Imelipa ada ya mdogo wangu. Paa lilipovuja masika, yenyewe ililala kitandani na mimi nikalala chini. Halafu mtu aje aishike kama soksi! Mbele ya mama wa watu!

Nyie wa Canon nijibuni, hii dharau mnafundishwa wapi? Inakuja ndani ya boksi pamoja na chaja?

Mkwaju_wa_Tanga:

Pole mkuu. Ila kamera unaiacha mezani kwenye harusi ya Sinza? Shukuru imeshikwa na wa vidole viwili. Angepita wa vidole kumi, saa hizi ungekuwa polisi, siyo humu.

BintiWaLenzi:

Huyo! Jina la nini, mifuko kumi na saba inatosha. Mimi aliniambia mbele ya kamati nzima kwamba mikono ya kike ni myepesi, picha zitatikisika. Mwisho wa shughuli akaja kuniomba picha za kukata keki kwa sababu zake zote zimetoka na mgongo wa emsii. Nilimpa? Thubutu!

Fundi_Kiporo:

Mkuu umeongea vizuri lakini umeficha jambo. Waambie na watu kwamba hiyo D3500 haina mota ya kuzungusha fokasi ya lenzi ndani ya bodi. Mtu anaenda mtumba anaokota lenzi ya 50 ya zamani ya D, isiyo na mota yake, kwa bei ya kutupa, anaifunga kwa furaha, otofokasi hakuna. Anakaa anazungusha pete kwa mkono kama anakoroga uji wa msibani. Huku kwetu Canon lenzi ya 50 ya STM, yenye mota yake, inaingia bodi zote za EOS zenye kioo cha kuakisi ndani, unapachika na unapiga. Mimi ni Canon mpaka kaburini, na mkanda nizikwe nao.

Njano_Damu:

Fundi_Kiporo nani kaulizia mota? Nina 35 ya AF-S ya 1.8, mota imo ndani ya lenzi yenyewe, inafokasi kabla hujapepesa. Naongelea VIDOLE VIWILI. Ilizunguka hewani kaka. Ilizunguka.

Fundi_Kiporo:

Ilizunguka mara ngapi?

Njano_Damu:

Mara mbili na nusu. Ikasimama jina la Nikon likimwangalia mama.

Kaka_Rangi:

Mimi nitasema ukweli hata mkinichukia. Ngozi yetu sisi, hii nyeusi ya kung'aa, ni Canon. Inatoka na damu ndani. Nikon bwana harusi anatoka kijanikijani kama amelazwa na malaria juzi.

BintiWaLenzi:

Kaka_Rangi hayo ni macho yako na taa za ukumbi. Wanaweka zambarau huku, kijani kule, katikati imetundikwa ya njano, halafu unailaumu kamera. Piga RAW, picha ghafi ambayo kamera haijaipika, uje upange rangi nyumbani kwa kompyuta, uone kama kuna mtu atakuja kuuliza ni chapa gani. Wewe unapiga JPEG, kamera umeachia ikuamulie mwanga, ukitoka hapo mtaalamu wa ngozi!

Mzee_wa_Filamu:

Wanangu, nimeanza na roli ya picha 36, ukikosea hujui mpaka jumatatu. Hayo mapenzi ya chapa yapo tangu zamani, na hayajawahi kumlipa mtu. Mdomo wa F wa Nikon, yaani pale lenzi inapopachikwa, ni wa mwaka 1959, na hiyo D3500 ya kijana bado inao. Canon walikuwa na lenzi za FD, watu wamejaza makabati, mwaka 1987 wakaleta mdomo wa EF na zile za FD haziingii tena. Sasa sikilizeni. Huo mwaka 2018 mnaoupigania, kampuni zote mbili zilileta mdomo mwingine mpya, RF wa Canon na Z wa Nikon, wa kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Mnagombania siti ya dirishani na dereva ameshashuka kitambo.

Mkwaju_wa_Tanga:

Shikamoo mzee. Sasa hizo FD ulizipeleka wapi, kama zipo tuongee bei.

Njano_Damu:

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa na nakuheshimu. Lakini dereva akishuka, abiria mwenzangu ndiyo ashike begi langu kwa vidole viwili? Mbele ya mama mkwe wa mtu?

Kisosi_cha_Lenzi:

Hapa mnalia na kamera, mimi nalia na wageni. Mara maharusi wanaingia, wanaume kumi na sita na simu zao katikati ya zulia. Mmoja ana tableti kubwa kama sinia! Unapiga, unapata kisogo. Unahama, kisogo kimehamia. Albamu ya mwezi uliopita nusu yake ni visogo, na mteja anauliza mbona shangazi yake haonekani. Shangazi yako ndiye mwenye tableti, mama!

Dada_Mapambo:

Na nyinyi wapiga picha mna lenu. Mnapandisha mabegi kwenye meza ya keki. Mimi napamba tangu saa kumi alfajiri, nageuka nakuta begi jeusi limekalia maua, juu yake chupa ya maji. Na mkifika mnataka zulia lisogezwe kwa ajili ya "mwanga". Mwanga gani, ukumbi hauna hata dirisha!

Kisosi_cha_Lenzi:

Dada_Mapambo zulia lenyewe linakunjamana, bibi harusi akianguka atalaumiwa mpiga picha.

Pilau_Kwanza:

Ngoja niseme la maana. CHAKULA. Mnasimama tangu saa tisa kanisani hadi saa sita usiku. Kamati inakula, emsii anakula meza kuu, dijei analetewa, hata mlinzi wa magari ana sahani yake ya kufunika. Mpiga picha unaambiwa "subiri wageni waishe". Wageni wakiisha na nyama imeisha, umebaki na wali wa pembeni ya sufuria na kachumbari iliyokufa. Siku hizi kwenye makubaliano naandika kabisa: sahani mbili, moja yangu na moja ya msaidizi, saa mbili kamili.

Fundi_Kiporo:

Pilau_Kwanza hapo umenigusa kuliko mota. Na wanaomalizia malipo je? Advansi nusu, nusu nyingine "ukileta albamu". Unapeleka albamu, bwana kasafiri. Unapiga simu, bibi anasema walishaachana, mdai mwenyewe.

BintiWaLenzi:

Niliwahi kuambiwa hivyo hivyo! Nikajibu basi nipeni nusu nusu, kila mmoja alipie upande wake.

Kaka_Rangi:

Mnaandika sahani kwenye mkataba? Hiyo ni aibu. Chakula ni ukarimu, hakiandikwi.

Pilau_Kwanza:

Ukarimu upige na tumbo tupu wewe. Mikono ikitetemeka kwa njaa utasema ni Nikon.

Njano_Damu:

Wakuu, uzi huu ni wa vidole viwili. Pilau fungueni wa kwenu.

Mkwaju_wa_Tanga:

Tulia mkuu, kumbe ulikula? Maana hujasema kama walikupa sahani.

Njano_Damu:

Sikula. Ningemezaje, na mama bado ananitazama vile? Picha za familia nilizipiga nne tu, wote wanaangalia kamera yangu badala ya kuangalia lenzi. Nimezifungua sasa hivi. Zimetoka safi, macho yote yana uhai, mama ametoka kama malkia. Kesho namtumia yeye wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Nazima simu, nalala.

Dada_Mapambo:

Lala salama kaka. Ila begi usiweke kwenye keki.

Pilau_Kwanza:

Kaka_Rangi sijamalizana na wewe. Emsii analipwa mara mbili yako na anakula mara tatu, huo ukarimu mbona unamwona yeye tu?

Mifuko:

Madogo, nani ana chaja ya LP-E10, hii betri ya 2000D, ya kuazima? Betri imekata jana katikati ya shughuli na kesho nina sendofu Mbagala.

Mkwaju_wa_Tanga:

Ninayo. Njoo Magomeni saa tatu asubuhi, na elfu ishirini ya dhamana mkononi.

Mifuko:

Elfu kumi.

Mkwaju_wa_Tanga:

Kumi na tano, na uirudishe keshokutwa.

Mifuko:

Poa dogo.