Anasoma usiku kucha, akikalia mtihani hakumbuki kitu: tuanzie wapi?

Mama K, Igombe
Wakuu, kijana wangu yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Anakesha na daftari la Biolojia na kopo la enaji. Ukimuuliza nyumbani anajibu, lakini akipewa karatasi ya mtihani mikono inalowa jasho, tumbo linamsokota, kichwa kinakuwa cheupe. Majirani wanasema karogwa, baba yake anasema mvivu. Tuanzie wapi?

Mwl. wa Biolojia
Mama, hajarogwa, wala si mvivu. Hofu ikipanda inakula nafasi ileile ya akili anayohitaji kushika swali na kulifanyia kazi.

Anzeni na usingizi. Umri wake unataka saa 8 hadi 10, na aliyoyasoma mchana hukaa kichwani akiwa amelala. Enaji ya saa tatu usiku, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa nane usiku. Alale saa tatu na nusu, aamke saa kumi na moja na nusu.

Pili, kurudiarudia daftari kunamzoesha sura ya maneno tu, halafu anaamini ameelewa. Alifunge. Kwenye karatasi tupu, kwa dakika 20, achore moyo, aandike vyumba vinne, mishipa, na damu yenye oksijeni inapita upande gani. Ndipo afungue asahihishe kwa kalamu nyekundu. Arudie kesho, baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Wengi huacha hapa kwa sababu siku ya kwanza karatasi nzima ni nyekundu. Asiache! Nyekundu ndiyo inayomwonyesha pa kusoma.

Jumamosi afanye mtihani wa miaka ya nyuma: mezani, saa mbele yake, bila simu, muda kamili.

Muuguzi, afya ya akili
Naongeza pumzi. Aingize kwa pua akihesabu 4, atoe taratibu akihesabu 6, dakika 3 kila siku kuanzia sasa. Akisubiri siku ya mtihani atavuta haraka haraka, apate kizunguzungu na ganzi vidoleni, hofu izidi.

Mkiona wiki 2 mfululizo ana huzuni, hali chakula vizuri, hata mpira hautaki, hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali. Nendeni kituo cha afya muombe rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wana idara ya magonjwa ya akili. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua; kuuliza hakumpi wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, ondoeni sumu ya panya na dawa za shamba nyumbani, apelekwe siku hiyohiyo.

Mdau wa Kayenze
Mama K, anasaidia kazi ya dagaa?

Mama K, Igombe
Ndiyo, siku za giza, mwezi usipoonekana na dagaa wakivuliwa kwa taa, anapokea mitumbwi alfajiri, anaanika kabla ya shule.

Mdau wa Kayenze
Basi hapo usingizi unakatika hata akilala mapema. Mpaka Novemba mtafutieni wa kupokea, yeye aanue jioni. Mitihani ya Jumamosi muipange zaidi wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika.