Mume ni kichwa cha mke: neno la mwisho limeandikwa wapi?

Hoja iliyopo mezani ni hii: kwa kuwa Waefeso 5:23 inasema mume ni kichwa cha mkewe, basi wanandoa wanapotofautiana mume ndiye mwenye neno la mwisho, na mke anayeendelea kupinga anapingana na Maandiko. Wengi wetu tumelishwa fundisho hilo tangu semina za wachumba, na wanaolitetea si watu wa kubezwa. Mimi ninaikubali nusu yake ya kwanza na kuikataa ya pili, na ningependa wenye mawazo tofauti wanijibu kwa mistari.

Kwamba Paulo anamwita mume kichwa halina ubishi. Tutazame basi nani anaambiwa nini. Waamini wote wanaambiwa kwanza, katika mstari wa 21, wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Mke anaambiwa atii. Mume haambiwi popote katika sura hiyo amtiishe mkewe, amwamuru au amrudi. Anaambiwa ampende “kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake”, na amlishe na kumtunza kama mwili wake mwenyewe. Utii huo ameagizwa mke autoe, wala mume hakupewa hati ya kuudai. Papa Yohane Paulo II, ambaye hakuna anayeweza kumwita mwanaharakati wa kisasa, aliandika mwaka 1988 kwamba unyenyekevu unaozungumzwa hapo ni wa pande zote mbili.

Lakini mahali penye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni pale ambapo Paulo anagusa uamuzi halisi wa chumbani, nasi huwa tunaparuka. Katika 1 Wakorintho 7:4 anasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na papo hapo anaongeza kwamba vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake bali mkewe. Mstari unaofuata unawakataza kunyimana “isipokuwa mmepatana kwa muda”. Kama mume angekuwa na neno la mwisho kwa kuwa ni kichwa, hapa ndipo pangekuwa mahali pa kulisema, na Paulo anadai mapatano.

Wapo wanaokimbilia mfano wa Sara, ambaye 1 Petro 3:6 inamsifu kwa kumtii Ibrahimu na kumwita bwana. Vema, ila Mwanzo 21 inatuonyesha wawili hao wakitofautiana vikali pale Sara alipotaka mjakazi wao Hajiri afukuzwe pamoja na mwana aliyemzalia Ibrahimu, na Mungu anamwambia Ibrahimu: “Kila akuambialo Sara, sikiliza sauti yake.” Simulizi hilo lina uchungu wake, maana Hajiri alilipa gharama, wala silileti kuonyesha kwamba mke huwa sahihi siku zote. Ninalileta kwa sababu huyo huyo tunayepewa kuwa kielelezo cha utii alipinga, na hakukemewa.

Jibu zito zaidi la upande wa pili ni kwamba Paulo anajenga hoja yake juu ya uumbaji: katika 1 Timotheo 2:13 anasema Adamu aliumbwa kwanza, na katika Waefeso 5 ananukuu Mwanzo 2. Kwa hiyo, wanasema, huwezi kuiweka ndoa kapu moja na utumwa na kuviita vyote desturi za wakati ule tu, kwa kuwa Waefeso 6:5 pia inawaagiza watumwa wawatii mabwana zao, amri ambayo hakuna Mkristo wa leo anayeitumia kutetea soko la watumwa, hasa sisi ambao Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, limesimama pale pale soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Tofauti hiyo naikubali. Lakini Mwanzo 2 inazungumzia mwili mmoja; maneno “naye atakutawala” yanakuja katika sura ya tatu, baada ya anguko, pamoja na miiba na jasho, na sijasikia mhubiri anayekataza palizi kwa sababu miiba imeandikwa.

Tukija kwenye maisha, nimewahi kukaa katika kikao cha usuluhishi kanisani ambapo mume alikuwa ameuza nyumba ya familia bila mkewe kujua. Swali la kwanza la wazee lilikuwa kwa nini mama yule ametangulia kwa mjumbe wa nyumba kumi kabla ya kuja kwao. Mstari wa 22 wa Waefeso 5, unaomwambia mke atii, ulisomwa na kurudiwa. Wa 25, unaomwambia mume ampende mkewe, haukufunguliwa kabisa. Ajabu ni kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya serikali ilikuwa karibu na “mmepatana” kuliko sisi tulioshika Biblia.

Suala la wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji, ambalo dayosisi kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zililianza mwaka 1991, nimeliacha makusudi, kwani mtu anaweza kulikataa na bado akakubaliana nami kuhusu nyumbani. Anayetetea neno la mwisho la mume naomba anionyeshe mstari unaompa mume haki hiyo, kisha aeleze 1 Wakorintho 7:5 inakaa wapi katika fundisho lake.