ES-335 ya 1967: nibadilishe funguo na briji, au niache vya kiwandani?

Mrithi335
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijashika drili. Mjomba aliniachia gitaa la umeme, Gibson ES-335, vyuma vya kromu, ile yenye mkia (chuma kinachoshika ncha za nyuzi) mrefu wa trapezi. Alikuwa akisema ni ya 1967 nami sikuwahi kumbishia. Napiga nalo kila wikendi, si gitaa la kuwekwa kabatini.

Shida ni hizi. Funguo za kukazia nyuzi ni za kampuni ya Kluson, na vishikio vyake vya plastiki vimenywea mpaka vinafanana na meno ya mzee. Viwili vimeshapukutikia mkononi, kwa hiyo uzi wa tatu naukaza kwa koleo, mbele ya watu, aibu tupu. Na uzi wenyewe hautulii: nikiuvuta mara mbili umeshashuka. Briji nayo (kile chuma nyuzi zinapokalia tumboni mwa gitaa) inalia zzz nikipiga uzi wa nne bila kubana.

Mpiga besi wetu anasema niweke funguo za Grover na briji mpya, niachane na vyuma chakavu. Mwingine anasema nikigusa hata skrubu moja nimeliua gitaa. Nimsikilize nani?

BesiNneTosha
Gitaa ni la kupigwa. Toboa, weka Grover, lala usingizi. Na hilo trapezi ling'oe, weka mkia wa kukaa juu ya mbao kama walivyokuwa wakifanya kabla ya 1965. Utanishukuru.

FundiKimya
Mrithi, weka drili chini kwanza, tuongee.

Uzi wa tatu usiotulia mara nyingi si kosa la funguo. Kwenye kichwa cha Gibson, nyuzi za katikati zikishatoka kwenye kizingiti (kile kipande cheupe mwisho wa shingo) zinakatisha kona kali kufuata funguo zake, na wa tatu na wa nne ndio wanaoumia zaidi. Kaza taratibu huku umetega sikio. Ukisikia "tik", uzi unanasa kwenye mfereji wake wa kizingiti. Ulegeze, sugua mfereji kwa ncha ya penseli, urudishe. Nimeletewa magitaa yaliyowekwa funguo mpya kabisa, na "tik" bado imo.

Vishikio vinauzwa peke yake. Safisha mabaki, pasha moto mhimili kwa chuma cha kulehemu, sukuma kishikio kipya kikae sawa kabla mhimili haujapoa. Kazi ya jioni moja, na koleo unalirudisha kwenye sanduku lake.

Sasa Grover. Kluson inakaa kwenye tundu la karibu milimita 8.7, Grover inataka 10. Hiyo milimita moja na ushee ni mbao ya mjomba wako inayogeuka vumbi, na mtu mwenye macho ataiona hata ukirudisha Kluson baadaye. Nasema kwa uchungu: nikiwa kijana nilitoboa gitaa langu mwenyewe, Gibson SG, kwa drili ya mkono, na lile tundu la kwanza lilikwenda upande. Mpaka leo funguo hiyo imeinama kama mtu anayechungulia dirishani.

Briji: yako itakuwa ya aina ya ABR-1. Ina waya mwembamba unaopita juu ya skrubu ili vile vipande sita vya kukalia nyuzi visidondoke. Gibson waliuongeza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huo ndio mwimbaji wako wa zzz. Uubonyeze kwa kidole huku ukipiga uzi wa nne. Mlio ukinyamaza, upinde waya kidogo, basi. Ukikuta briji yenyewe imebonyea katikati, nunua ABR-1 mpya inayokaa kwenye nguzo zilezile mbili, na ya zamani uihifadhi. Usinunue ile aina iitwayo Nashville. Nguzo zake ni nene, utarudi kwenye drili.

Lehemu za ndani usiziguse. Chungulia kwa kioo kidogo kupitia lile tundu lenye umbo la f tumboni, usome namba mgongoni mwa vidhibiti vya sauti. Ikianza na 137, vimetengenezwa na kampuni ya CTS, kisha unafuata mwaka, kisha wiki: 1376642 ni wiki ya 42 ya 1966. Namba za kichwani Gibson walizirudia sana miaka hiyo, kwa hiyo ushahidi huo wa umri wa gitaa ni wa thamani.

BesiNneTosha
Fundi, nani kasema anauza? Unamlindia mnunuzi ambaye hayupo.

FundiKimya
Leo hauzi. Mjomba naye hakupanga kuliacha. Na trapezi aliache, mkia huo wako unataka matundu mawili makubwa tumboni.

Mrithi335
Penseli imemaliza kazi! Na waya ndiye aliyekuwa akiimba. Ila nimeona kitu. Nyuma ya kichwa, kando ya kila ufunguo kuna kitundu kimezibwa kwa kitu kama nta. Na mbele, kuzunguka kila bushi (pete ya chuma anapopita mhimili wa ufunguo), kuna alama ya duara kwenye vanishi, pana kuliko bushi yenyewe.

FundiKimya
Hahaha, mjomba alikutangulia. Duara ni alama ya washa ya Grover, na kitundu ni cha skrubu yake. Grover hushikwa na skrubu moja, Kluson mbili. Toa ufunguo mmoja. Ukikuta bushi nene ya kuzibia tundu pana, mbao ilishatobolewa siku nyingi. Hapo Grover zitaingia bila drili, na mimi sina neno tena. Kluson zitie kwenye mfuko, pamoja na ule unga wa vishikio.

BesiNneTosha
Mimi nilisema nini?

Mrithi335
Bushi nene kweli. Nimempigia mama kumsimulia, kacheka. Anasema kuna kopo la misumari la mjomba chini ya kitanda, na ndani yake kuna "vile vyuma vya gitaa" ambavyo alikataa katakata visitupwe. Amehesabu: sita. Washa zimo, skrubu zimo tano.

FundiKimya
Ya sita itafute kwenye misumari.