"Tatizo ni la kimataifa": huyo Kimataifa ofisi yake iko wapi tukamdai?

Wakuu, mods naomba msiutupe uzi huu kule kwenye jukwaa la simu na vifaa. Hapa nazungumzia sheria. Na bando pia, lakini bando ni mwanzo tu.

Nina kibanda cha steshenari, kompyuta mbili na printa moja inayotafuna karatasi. Kinachoniweka mjini ni kuwatumia watu maombi yao ya ajira mtandaoni na kuwajazia fomu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini (nyaya za intaneti), EASSy na Seacom, ilikatika huko pwani ya Afrika Kusini. Jumatatu nafungua kibanda, wateja saba wako kwenye benchi, na kiduara kwenye skrini kinazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa. Mmoja wao siku yake ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa hiyo hiyo. Aliondoka ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyezama na msumeno.

Bando la wiki nilikuwa nimeliweka juzi yake. Likaisha muda wake karibu lote likiwa halijaguswa. Napiga huduma kwa wateja, dada ananijibu kwa upole: "Kaka, tatizo ni la kimataifa, lipo nje ya uwezo wetu." Na bando langu? "Muda wake umeisha, kaka." Yaani bando ni la hapa hapa, ila tatizo ni la kimataifa!

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Nikaanza kusoma, maana hasira bila kusoma ni kelele. Nilichokikuta kinaudhi kuliko lile bando.

Kila mkutano mkubwa utasikia intaneti ni mali ya binadamu wote. Sawa. Intaneti yenyewe inapita wapi? Karibu data yote inayotoka bara moja kwenda jingine inapita kwenye nyaya zilizolazwa sakafuni mwa bahari. Sheria inayozilinda imo ndani ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, vifungu vichache tu. Cha 113 kinazitaka nchi zitunge sheria za kuwaadhibu wanaokata mkongo bahari kuu, kwa makusudi au kwa uzembe, iwapo meli inapeperusha bendera ya nchi hiyo (yaani imesajiliwa huko) au mhusika yuko chini ya mamlaka yake. Cha 114 kinasema ukiwa unatandika mkongo wako ukakata wa mwenzako, lipa matengenezo. Cha 115 ndicho kilichonichekesha: mwenye meli akiacha nanga au wavu wake uzame ili asikate mkongo, na hakuwa mzembe, mwenye mkongo amlipe fidia. Nanga ina fidia. Mimi na wale saba wa kwenye benchi hatutajwi popote.

Na maneno hayo hayakuzaliwa 1982. Mizizi yake ni mkataba uliosainiwa Paris Machi 1884, wa kulinda nyaya za telegrafu. Zanzibar ilikuwa tayari imeungwa na Aden kwa waya wa baharini tangu 1879, kwa hiyo msidhani mambo haya ni mageni kwetu. Novemba ya 1884 hiyo hiyo wakubwa wakaanza kikao chao cha Berlin. Yaani intaneti yangu ya 2024 inalindwa kwa fikra za watu waliokuwa wananoa visu vya kutugawana.

Sasa tazama fikra hizo zinavyofanya kazi. Krismasi ya 2024 meli ya mafuta Eagle S, yenye bendera ya Visiwa vya Cook, ilishukiwa kuburuza nanga kwenye Ghuba ya Finland. Waya mmoja wa umeme na minne ya mawasiliano ikaharibika. Finland si nchi ya kubahatisha: wakaikamata meli, wakamshtaki nahodha na maofisa wawili. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikasema haina mamlaka, kwa kuwa uharibifu ulitokea nje ya maji ya kitaifa. Kesi ni ya nchi ya bendera, au nchi wanakotoka hao mabaharia. Kama Finland, na meli wameishika mkononi, wanaambiwa hivyo, mimi na kibanda changu ni nani?

Upande wetu ndio usiseme. Februari 2024 meli Rubymar, bendera ya Belize, ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu. Ikaachwa ielee, na nanga yake ndiyo inayoaminika kukata mikongo mitatu, Seacom ikiwemo. Kwenda kuitengeneza kunahitaji kibali cha Yemen, na Yemen ina serikali mbili zinazopigana. Utaomba kwa nani usimkasirishe mwingine? Iliwachukua miezi. Halafu kabla hatujapumua ndipo ikaja ile Mei.

Na sisi tusijifanye malaika. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zikipeperusha bendera ya Tanzania, zimesajiliwa kupitia wakala aliyekaa zake Dubai. Mkataba unamkabidhi mwenye bendera ulinzi wa mkongo, na mwenye bendera anaiuza kama vitenge Kariakoo.

Kuna watakaosema bahari haina mwenyewe, haiwezekani. Inawezekana! Mkataba wa 1972 wa fidia za vyombo vya anga unasema kitu kikianguka kutoka angani kikaharibu mali duniani, nchi iliyokirusha inalipa, na huna haja ya kuthibitisha uzembe. Desemba 2024 pete kubwa la chuma lilidondoka kijijini Mukuku, Makueni, na wakubwa wa anga wa Kenya mara moja wakataja sheria ya kimataifa. Kwa hiyo satelaiti ikivunja paa la kibanda changu nina nchi ya kudai. Nanga ikikiua kibanda kile kile kwa wiki nzima, pole.

Kimeundwa chombo cha kimataifa cha kushauri juu ya uimara wa mikongo, Novemba 2024, na Februari 2025 kikakutana Abuja. Kushauri. Haya.

Wale wa "nunua Starlink, intaneti ya satelaiti" piteni kimya, sijauliza bei ya dishi.

Swali langu ni kwa wanasheria wa humu. Meli yenye bendera yetu ikiburuza nanga juu ya mkongo kesho, huko bahari kuu, nahodha wake anashtakiwa kwa sheria ipi ya Tanzania? Nataka jina la sheria na namba ya kifungu, siyo "mkuu, hilo ni suala mtambuka".

Na kama yule dada wa huduma kwa wateja anapita humu: lile bando lilikuwa la elfu kumi.