Kikundi cha vijana dhidi ya ubaguzi wa rangi: tuanze na nini?

Chipukizi15
Wakuu, heshima kwenu. Tuko vijana kumi na watano wa asili mchanganyiko, miaka 16 hadi 24. Matatizo makubwa ni mawili: matusi ya rangi kwenye mechi za mtaani, na wenye nyumba ambao chumba "kimeshachukuliwa" kila anapobisha hodi mtu wa asili fulani. Wengi wetu wanataka fulana na maandamano. Wenye uzoefu, tuanze na nini, na vikundi vya namna hii huwa vinavunjikia wapi?

Karani
Fulana zisubiri. Nunueni daftari. Kila tukio liingie ndani ya saa 24: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa, walioshuhudia, aliyepewa taarifa na alichojibu. Wengi huharibu kwenye maneno. Wanaandika "alimtukana kibaguzi", kiongozi wa ligi anakana papo hapo, kwa sababu hiyo ni hukumu, si taarifa. Andikeni tusi lenyewe hata kama linakera. Majina ya waliotendewa yakae kwenye orodha ya pembeni yenye namba, ishikwe na watu wawili tu, isirushwe kwenye grupu la simu.

Baada ya wiki kadhaa mtaona matukio yanajirudia wapi. Hapo chagueni dai moja, ambalo kuna mtu mwenye mamlaka ya kulikubali. "Ubaguzi ukome" hakuna wa kulisaini. La uwanjani liko tayari: ligi ifuate utaratibu wa hatua tatu wa FIFA. Tusi likisikika, refa anasimamisha mchezo na tangazo linatolewa. Likirudiwa, timu zinatoka uwanjani kwa muda. Likiendelea, mechi inavunjwa. Kubalianeni mapema nani anatoa tangazo, maana mechi ndogo hazina kipaza sauti na kila mtu hudhani ni kazi ya mwenzake.

Mpangaji Sugu
Kwa vyumba tumieni jaribio la watu wawili. Wafanane umri, kipato, kazi, hata mavazi. Tofauti iwe asili tu. Anayehisiwa kubaguliwa atangulie, mwenzake afuate ndani ya saa moja. Wa kwanza akiambiwa kimechukuliwa na wa pili akaonyeshwa chumba kilekile, mwenye nyumba hana pa kujifichia. Kila mmoja aandike yake kabla hawajaongea. Mara moja haitoshi, huenda ni bahati mbaya. Rudieni siku nyingine. Kabla ya kurekodi sauti au kumtaja mtu mtandaoni, muulizeni mwanasheria, la sivyo mtashtakiwa nyinyi.

Na msishikilie rangi ya ngozi pekee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1965 dhidi ya ubaguzi wa rangi unahesabu pia nasaba na asili ya taifa au kabila.

Dada Mratibu
Karani yuko sawa, ila daftari haliwaunganishi watu. Vikundi hivi huvunjikia ndani. Wasioguswa na ubaguzi hushika usukani, waliotendewa wanaombwa kusimulia machungu yao kila kikao, mwisho hawaonekani tena. Uenyekiti uzunguke, na kusimulia kuwe hiari. Gaweni kazi kwa jozi mchanganyiko. Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba makundi yakikutana, chuki hupungua zaidi pakiwepo hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana na uongozi unaounga mkono. Kupiga soga tu pamoja hakufiki huko.

Fanyeni pia mazoezi ya kuingilia kati. Wanafunzi wa Nashville, Marekani, chini ya James Lawson, mwalimu wa upinzani usio wa vurugu, walijizoeza kutukanwa na kusukumwa kabla ya kwenda kukaa, kama njia ya kupinga ubaguzi, kwenye migahawa iliyohudumia Weupe tu mwaka 1960. Kwenu dakika tano zatosha: mmoja anatukana, mwingine anatukanwa, wa tatu anaingilia, kisha mnabadilishana. Anayeingilia aende kwanza kwa aliyetukanwa: "Uko sawa? Tusogee pale?" Akimvaa mtukanaji, ugomvi unageuka kuwa wake, na watu watazungumzia ngumi, si tusi.

Chipukizi15
Asanteni sana. Na tarehe 21 Machi, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi, tuandamane au tuache?

Karani
Siku hiyo inakumbuka mauaji ya Sharpeville, Afrika Kusini, ya 1960, polisi walipowapiga risasi waliopinga sheria za pasi, yaani vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. Idadi rasmi ya waliokufa ni 69. Mimi ningeitumia kupeleka dai. Barua ya ukurasa mmoja, jedwali la matukio bila majina, siku 14 za kujibu. Nendeni na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Wakikataa kugonga, mpokeaji aandike jina lake na tarehe kwa mkono.